Faili la Mwenye Shida

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, juu ya kujifunza kazi ya ustawi wa jamii kwa kutazama mataifa mengi



Halmashauri imetutaka tuseme kidogo juu ya elimu ya ustawi wa jamii, na namna ifaavyo kusomwa kwa kutazama mataifa mengi, wala si nchi moja peke yake. Tulikubali kwa kuwa vijana kadhaa wa chama chetu wanaiwazia elimu hiyo, na wengine wameuliza kama yafaa waisome hapa kwetu au wavuke bahari. Tena tulikubali kwa sababu nyingine ambayo hatukuiambia Halmashauri, nayo ni hii: kazi hii, kinyume cha watu wengi wadhanivyo, ilikuzwa na karani, mezani pa karani, kwa kalamu na daftari. Ikiwa wako watu wenye haki ya kuizungumza, basi sisi tukaao masijala tumo.

Mtu akisikia habari za ustawi wa jamii, mawazo yake hukimbilia blanketi, debe la mahindi, na mayatima waliopangwa mstari wapigwe picha. Walakini kumpa mwenye njaa chakula si elimu mpya, wala hakuna taifa lililohitaji kufundishwa jambo hilo na taifa jingine. Sisi tuna ujima, tuna kikoa, tuna zaka na sadaka, wala matanga yetu hayapiti pasipo jirani kuleta kuni. Jambo lililokuwa jipya katika Ulaya ya karne ya 19 ni kuuliza na kuandika. Miji ilikuwa imejaa watu walioacha mashamba wakafuata viwanda, hakuna aliyemjua babu wa mwenziwe, na mwenye mali akigongewa mlango hakuwa na njia ya kujua kama mgongaji ana njaa kweli. Katika mji wa Elberfeld, Ujerumani, mwaka 1853, wakubwa wa mji waliukata mji vipande vipande, wakaweka raia wa kujitolea katika kila kipande, na kila mmoja asiangalie zaidi ya jamaa nne. Alikwenda nyumbani mwao, akauliza maswali yaliyokwisha kuandikwa, na msaada uliotolewa ulikuwa wa siku 14 tu. Zikiisha, aende akaulize tena. Mwaka 1869 London nayo ilifanya chama cha kupanga sadaka, kwa nia iyo hiyo ya kuuliza kwanza ndipo kutoa. Hivyo ndivyo faili la mwenye shida lilivyozaliwa, nasi twaomba mlishike faili hilo akilini, maana ndilo tutakalolifuata toka nchi hata nchi.

Karani tuliyemtaja aliitwa Mary Richmond, mzaliwa wa Marekani wa mwaka 1861. Wazazi wake walimwacha angali mdogo, akalelewa na bibi yake katika mji wa Baltimore. Shule ya sekondari aliimaliza. Chuo kikuu hakukiona. Alifanya kazi ya ukarani huko New York kwa wachapishaji wa vitabu, akarudi Baltimore akatunza daftari za hesabu, kisha mwaka 1889 akaingia katika chama cha sadaka cha mji ule kuwa msaidizi wa mtunza hazina. Haikupita miaka mitatu ila alikuwa katibu wake mkuu. Mwaka 1897 alisimama mbele ya mkutano akataka pawe na shule ya kufundisha kazi hii, na mwaka 1898 New York ikafungua masomo ya majuma sita wakati wa kiangazi, ambayo yalikua hata yakawa chuo cha ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1917 alitoa kitabu chake kikubwa, Social Diagnosis, chenye kufundisha kupambanua shida ya mtu kama tabibu apambanuavyo ugonjwa.

Mtu akikitazama kitabu hicho kwa macho ya ukarani atakuta jambo la kumfurahisha. Bibi huyu hakukitunga kwa kukaa akiwaza. Alikusanya mafaili ya vyama na hospitali za miji mbalimbali akayasoma, akatazama ni nani aliyeulizwa, aliulizwa nini, na jibu lake lilifaa nini. Kisha akapanga ushahidi kwa namna zake. Uko ushahidi ulioonwa kwa macho ya mwandikaji mwenyewe. Uko uliosemwa na shahidi. Na uko ule wa kukisiwa kwa dalili, kama moshi uonyeshavyo moto. Akaonya kwamba namna hizi zisichanganywe katika ukurasa mmoja kana kwamba zina uzito sawa. Wazee wetu walisema kusikia si kuona, naye alilichukua neno hilo akalifanya kanuni ya ofisi. Akaagiza tena kwamba mwenye shida asihukumiwe kwa mdomo wake peke yake wala kwa mdomo wa mtu mmoja, ila waulizwe jamaa zake, mwalimu wa watoto wake, tabibu wake, na bwana aliyempa kazi. Sisi twalipenda fundisho hili. Ni adabu kwa maskini, maana humkinga na uvumi. Nani kati yetu hajaona faili ambalo mtu mmoja aliandika siku moja kwamba fulani ni mlevi, na miaka kumi baadaye makarani watatu wamelinakili neno lile lile, wala hakuna aliyekwenda kumwona?

Katika miaka hiyo hiyo, huko Chicago, wanawake wengine wa Marekani walikuwa wakiandika karatasi za namna nyingine kabisa. Jane Addams, baada ya kuitazama Toynbee Hall iliyofunguliwa London mwaka 1884, alifungua pamoja na mwenziwe Ellen Gates Starr nyumba iliyoitwa Hull House mwaka 1889, wakahamia kukaa katikati ya maskini wahamiaji. Wenye kukaa katika nyumba ile walizunguka mlango kwa mlango, na mwaka 1895 walitoa kitabu chenye ramani zilizotiwa rangi, kila nyumba na rangi yake: ramani moja yaonyesha waliomo ni taifa gani, na nyingine yaonyesha wapata fedha ngapi kwa juma. Karatasi hizo hazikumwuliza mtu kwa nini yeye ni maskini. Ziliuliza mtaa mzima walipwa nini. Na matokeo yake yalikuwa ya namna nyingine. Mwaka 1893 jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya viwanda iliyokataza watoto wa chini ya miaka 14 kufanyishwa kazi viwandani, na kuweka saa nane kwa siku kuwa mpaka wa kazi ya wanawake. Ile sehemu ya saa nane ilivunjwa na mahakama mwaka 1895, lakini hata hivyo watu walikuwa wamekwisha kuona lile ambalo faili la mtu mmoja haliwezi kuonyesha. Faili la Baltimore laweza kugundua kwamba baba hanunui maziwa. Halina mahali pa kuandika kwamba katika barabara nzima hakuna baba alipwaye fedha za maziwa.

Basi, tungaliishia hapo tungalirudi nyumbani na furaha, tukisema: fanyeni yote mawili, mtu na mtaa. Na vitabu vingi vya masomo husema hivyo. Lakini ukivuka bahari kurudi Ujerumani, kulikoanza habari hii, utakuta jambo ambalo kila mshika kalamu wa serikali yampasa alijue.

Huko Berlin alikuwako mwanamke mwenye elimu kubwa, Alice Salomon, aliyezaliwa mwaka 1872, ambaye mwaka 1908 alifungua shule ya wanawake ya kufundisha kazi hii. Mwaka 1928 mkutano mkubwa wa mataifa ulikutana Paris, na mwaka 1929 ikaundwa kamati ya shule za ustawi wa jamii za mataifa, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Twaweza kusema bila ya kutia chumvi kwamba kuisoma elimu hii kwa kutazama mataifa mengi kunamwia yeye deni kuliko mtu mwingine, maana ndiye aliyeandika kitabu kilichozitazama shule za nchi nyingi kwa pamoja, nacho kilitoka mwaka 1937. Mwaka ule ule 1937 polisi wa siri wa Hitler walimfukuza katika nchi yake kwa kuwa alizaliwa katika jamaa ya Kiyahudi. Alikufa New York mwaka 1948.

Yeye aliondoka, lakini mafaili yalibaki. Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilikuwa imetoa sheria ya kuwazuia kuzaa watu waliohesabiwa kuwa na magonjwa au udhaifu wa kurithi. Hukumu ilitolewa na mahakama zilizowekwa kwa kazi hiyo, na mahakama zilitaka ushahidi. Ushahidi ulitoka wapi? Ulitoka hospitalini, ulitoka katika shule za watoto wazito wa kufahamu, na ulitoka katika ofisi za ustawi wa jamii, humo humo mlimoandikwa kwa miaka mingi, kwa nia njema na mwandiko mzuri, kwamba mama fulani hawezi kutunza nyumba, na babu yake alikuwa mlevi, na mtoto wake wa pili alichelewa kusema. Watu wapatao 400,000 walifanyiwa jambo hilo hata vita vilipokwisha mwaka 1945. Sisi hatusemi kwamba walioandika mafaili yale katika miaka ya 1920 walijua. Wengi wao walikuwa wakitafuta njia ya kumpatia mama yule makaa ya kuni na maziwa. Lakini karatasi haijui nia ya aliyeiandika; humtumikia aishikaye.

Ndiyo sababu twasema kijana asisome nchi moja tu. Aliyesoma Baltimore peke yake atadhani faili nene ni jambo jema kwa asili yake, kama vile gunia lililojaa ni bora kuliko tupu. Aliyesoma Berlin baada ya Baltimore atauliza kila mara: neno hili ninaloliandika, nani mwingine atalisoma, na ataweza kulifanyia nini?

Tuje sasa kwa nchi zilizopokea elimu hii kutoka kwa wengine, maana nasi tumo. Huko Chile shule ya kwanza ya Amerika ya Kusini ilifunguliwa mjini Santiago mwaka 1925, kwa msaada wa tabibu Mbelgiji René Sand. Bombay ilipata chuo chake mwaka 1936 kwa fedha za urithi wa Sir Dorabji Tata, na aliyekiongoza mwanzoni, Clifford Manshardt, alikuwa misionari wa Kimarekani. Johannesburg ilipata shule ya Jan Hofmeyr kwa ajili ya Waafrika mwaka 1941, na mkuu wake, Ray Phillips, naye alikuwa misionari wa Kimarekani. Sisi tuliosomeshwa na misioni hatushangai. Katika shule ile ya Johannesburg alipita Joshua Nkomo, aliyekwenda kuwatumikia wafanya kazi wa reli huko Rhodesia. Alipita Winnie Madikizela, aliyefanya kazi katika hospitali ya Baragwanath. Alipita na Eduardo Mondlane, ambaye sisi wa pwani hii twamkumbuka kwa kuwa aliuawa Dar es Salaam mwaka 1969. Walifundishwa kumtazama mwenye shida mmoja mmoja. Si vigumu kufahamu kwa nini hawakuishia hapo, ikiwa kila faili walilofungua lilikuwa na shida moja iliyoandikwa katika sheria za nchi.

Mwaka 1981 mwanachuoni James Midgley alitoa kitabu alichokiita Professional Imperialism, yaani ubeberu wa kitaaluma, akionyesha jinsi mafundisho ya Marekani na Uingereza yalivyopandwa katika nchi maskini bila ya kutazama udongo. Chuo chetu cha taifa cha Dar es Salaam, kiitwacho leo Taasisi ya Ustawi wa Jamii, kilianzishwa mwaka 1973, naye mtu hakosei akisema kwamba mengi ya vitabu vilivyokuwamo rafuni viliandikwa kwa ajili ya mitaa ambayo wanafunzi hawakuwahi kuiona.

Tazameni neno moja tu. Waingereza na Wamarekani huiita habari ya mwenye shida kwa neno lile ambalo sisi tumelichukua tukalifanya kesi. Lakini katika Kiswahili kesi ni jambo la mahakama. Mwambie mama mmoja kijijini kwamba kesi yake iko katika faili la ofisa, naye atakuuliza ameshitakiwa na nani. Lugha yetu inalo neno lililo bora, nalo ni shauri. Shauri ni jambo lenye kuzungumzwa, na shauri ni ushauri wenyewe, na shauri halifanywi na mtu mmoja chumbani. Hutaka watu wakae. Kesi hufunguliwa juu ya mtu. Shauri hufanywa pamoja naye. Hatudhani kwamba kubadili neno kutashibisha mtoto yeyote, lakini mwanafunzi asiyeiona tofauti hiyo atarudi kutoka ng'ambo akiwa mgeni kwao.

Wako watu waliokwisha kuliona jambo hili wakaliweka katika sheria, nao ni Wamaori wa Nyuzilandi. Katika nchi ile watoto wa Kimaori walikuwa wakichukuliwa kwa wingi kupelekwa katika nyumba za serikali au kwa walezi wasiokuwa wa jamaa zao. Ikaundwa kamati, mwenyekiti wake John Rangihau, nayo ikazunguka ikawasikiliza watu katika mabaraza yao. Taarifa yake, iliyotolewa mwaka 1988, iliitwa Puao-te-Ata-Tu, maana yake mapambazuko. Ilisema wazi kwamba desturi za ofisi zenyewe, si ubaya wa ofisa huyu au yule, ndizo zilizowaonea Wamaori, kwa kuwa ofisi ilimjua mtoto na baba na mama tu, wala haikuijua jamaa, wala mlango, wala kabila. Mwaka 1989 ikatungwa sheria mpya. Tangu hapo mtoto akiwa mashakani, huitwa mkutano wa jamaa: shangazi, wajomba, mabibi na mababu. Ofisa huwaeleza ayajuayo, huwaonyesha msaada uliopo, kisha hutoka nje ya chumba, akawaacha jamaa washauriane peke yao mpaka wapate neno.

Hilo la kutoka nje ndilo lililotugusa kuliko yote. Elimu nzima toka Elberfeld hata Baltimore ilikuwa juu ya namna ya kuingia katika nyumba ya maskini. Hii ndiyo mara ya kwanza tunayoijua ambapo serikali iliandika katika sheria wakati wa ofisa kutoka. Na mkutano huo wa jamaa umechukuliwa na nchi nyingi, Uingereza, Uswidi, Uholanzi, na Marekani kwenyewe, kwa hiyo maarifa yamesafiri kinyume cha njia yaliyoizoea. Mwaka 2014, vyama vya mataifa vya kazi hii vilipokutana Melbourne kuandika upya maana yake, vilitaja maarifa ya wenyeji pamoja na elimu za vyuoni.

Lakini mwanafunzi asifanye Wamaori kuwa sanamu ya kusujudia. Mwaka 2021 Baraza la Waitangi, ambalo huchunguza malalamiko ya Wamaori juu ya serikali, lilitoa taarifa kwamba watoto wa Kimaori walikuwa wangali wakichukuliwa kupita kiasi. Sheria ilikuwa imebadilika zaidi ya miaka 30, lakini desturi za ofisi zilifuata polepole. Tena liko swali zito: ikiwa hatari ya mtoto yatoka kwa jamaa wenyewe, mlango ukifungwa nani atamsemea?

Swali hilo si la Nyuzilandi tu. Hapa kwetu mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, uliwafanya wanakijiji wenyewe wazitaje kaya zilizo maskini kabisa, na majina yakasomwa katika mkutano wa kijiji ili watu wakubali au wakatae. Hiyo ni njia yenye heshima kwa akili za watu, nayo hukataa uongo kuliko fomu yoyote, kwa maana mwenye ng'ombe kumi hawezi kuwaficha majirani. Walakini umaskini wa mtu hutangazwa hadharani, na ajuza asiye na mtoto wala mjomba, tena aliyewahi kunong'onezwa uchawi, hana wa kulitaja jina lake. Kwa ajuza huyo, ofisa mwenye faili la siri, aendaye mwenyewe mpaka mlangoni kama Bibi Richmond alivyoagiza, ndiye rafiki. Kwa mtoto aliyelelewa na nyumba sita za ukoo mmoja, baraza la jamaa ni bora kuliko faili lolote. Hakuna nchi iliyopata njia moja ya kuwafaa wote wawili, na kijana aendaye kusoma akiahidiwa kwamba ipo, na aulize vizuri kabla ya kulipa ada.

Kwa wale walioulizia kusoma hapa au ng'ambo, jibu letu ni kwamba waanze hapa, wafanye kazi walao miaka miwili katika wilaya, ndipo waende. Aendaye kabla hajamwona mwenye shida wa kwao hana cha kulinganisha na aonacho huko, naye atajifunza majibu pasipo maswali. Na akienda, asiridhike na vitabu vya nchi ile aliyofikia. Aulize jinsi nchi ile ilivyokosea, maana kila nchi inayo taarifa yake kama ile ya mapambazuko, ila haiwekwi mbele ya wageni.

Tuna shauri moja kwa chama, Bwana Mwenyekiti. Katika mkutano ujao kila mwanachama alete fomu moja itumiwayo ofisini kwake kuandika habari za mwenye haja: ya matibabu bure, ya ada ya shule, ya mirathi, ya mtoto aliyepotea, yoyote ile. Iwe fomu tupu, isiyojazwa, maana siri za watu si mali yetu. Tuzitandaze mezani tuzisome kama mtu atokaye mbali, tutazame ni fomu ngapi zinazouliza jina la baba na jina la mama zisiulize mtoto hula kwa nani, ni ngapi zilizo na mahali pa kuandika kwamba habari hii imeonwa au imesikiwa tu, na ni ngapi ambazo mwenye shida akizisomewa angekubali kwamba aliyeandikwa humo ni yeye. Meza ile ndefu ya chumba cha kusomea yatosha. Katibu ameahidi kuufungua mlango saa kumi na nusu alasiri.